Kiganja Kimoja cha Unga

Mama Salome,

Uji uko kwenye chupa. Vyombo usiguse, ndoo usiinue. Wahi hospitali kabla ya saa nne, huo mkono wakaupige picha. Kadi ya bima iko chini ya kikombe.

Kifundo kilipovimba nilisema umeulalia mkono. Kesho yake nikasema ni baridi, kisha jongo, na juzi nikafika mpaka kumtaja jirani kwa uchawi, Mungu anisamehe. Nilitaja kila kitu isipokuwa jiwe la kusagia.

Leo alfajiri, ukiwa bado umelala, nimejaribu kusaga mwenyewe huo ulezi wangu, mimi ninayesema kila siku kwamba unga wa mashine hauna ladha. Nimetoka jasho kwenye baridi hii, nikapata kiganja kimoja cha unga, na sasa kifundo kinaniuma mpaka kalamu inanishinda. Wewe umenisagia miaka kumi na tisa. Huenda daktari akakuta kingine, lakini mimi nimeshajionea.

Nimekwenda mashineni na debe zima. Jiwe nimelitoa nje.

~~Watoto wakiliulizia, sema limepasuka.~~ Watoto wakiliulizia, waambie baba yao ameona aibu.

Baba Salome