Kuhusu Ile Dawa ya Kung'arisha Meno Uliyoniachia

Kisumu Ndogo,
Malindi.
18 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Everlyne,

Shikamoo. Natumai uko salama huko Muskat, na kwamba ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama sana umepata nafuu. Unapata nafasi ya kuuinua jioni kama ulivyoshauriwa? Tafadhali usijikaze.

Sisi hatujambo. Baba yuko Marereni kwenye mashamba ya chumvi, huja Jumamosi na kurudi Jumapili, na macho yake yamepungua wekundu tangu anunue miwani. Abigael anakaribia kunipita urefu na hanipi nafasi ya kusahau kwamba yeye ndiye mdogo. Mama ni mzima. Habari zake ndizo nyingi kuliko za wote, utaziona hapo chini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ninayotumia ni ya mama, naye husoma kila kitu, hata ujumbe wa matangazo. Barua hii anakuletea jirani yetu Ndinda, anayefanya kazi huko na ambaye likizo yake imeisha. Bahasha nimeigundisha mara mbili. Ukiipata imefunguliwa, nijulishe.

Sasa ile dawa. Uliponipa ile tyubu Krismasi, pamoja na kile kifuniko laini cha kuvaa menoni, uliniambia nisimwambie mama, kwa kuwa atasema wifi yake anamharibia mtoto. Nilitii. Kila jioni baada ya kuoga nilijifungia chumbani, nikasema nasoma Biblia, nikakaa nusu saa na dawa mdomoni. Wewe unajua kwa nini niliitaka. Miaka saba ya kwanza, kabla hatujahamia huku pwani, nilikunywa maji ya Njoro yenye floridi nyingi, yakaniachia madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Abigael, aliyezaliwa hapa Malindi, ana meno kama maziwa. Shuleni wasichana waliniita Chai ya Rangi. Miaka minne yote ya sekondari nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Dawa ilifanya kazi, asante sana. Lakini madoa yalipoanza kufifia tu, nikavunja jino. Watu wa hapa humumunya mabuyu kisha wakatema mbegu. Mimi, baada ya miaka kumi na moja ya kuishi nao, bado nilitafuna. Pembe ya jino la mbele, juu, ikakatika.

Mama akanipeleka kwa Daktari Ngala, ambaye ana chumba kimoja nyuma ya soko. Nitasema ukweli, sikumwamini tangu nilipoketi. Mpini wa taa yake ulikuwa umefungwa plasta. Alinipaka kitu kichungu, akaosha, akapaka gundi, akabandika kipande cheupe kilicho laini kama unga uliokandwa, kisha akakimulika kwa mwanga wa buluu mpaka kikawa kigumu. Alikuwa akihesabu kwa Kigiriama, polepole, nami nikashuku kwamba anaruka namba. Siku ya nne nikakikuta kile kipande ndani ya tonge la ugali.

Tulirudi, akakubali kurudia. Mara hii aliliangalia jino muda mrefu.

"Jino hili lanishangaza," akasema. "Mwanangu, kuna kitu wewe wakipaka? Dawa ya kung'arisha? Mkaa? Ndimu?"

Kabla sijafungua mdomo mama akacheka. "Huyu? Huyu hata mafuta ya midomo hajui. Sababu itafute kwako, daktari."

"Namuuliza mwenyewe, mama."

Nikatikisa kichwa kukataa. Shangazi, mama alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, na wewe uliniambia ninyamaze. Nilipokuwa namdanganya nilikuwa nikiitazama ile plasta kwenye taa yake, nikijiambia kwamba tapeli ni yeye.

Kipande cha pili kilikaa wiki moja. Kikaanguka kwenye beseni nikipiga mswaki, kizima, kama ganda la mbegu.

Hapo mama akawaka. Alisema gundi ya yule mtu imeoza, na kwamba anatuona sisi wa kutoka bara kuwa mazuzu. Alhamisi akayasema hayo kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Mama Kanze, aliyekuwa ampeleke binti yake kwa Ngala siku iliyofuata, akaghairi. Wengine wakamfuata. Mama na wenzake watatu wakapatana kwamba Jumatatu wangekwenda kwa maofisa wa afya wa kaunti wamshtaki, chumba kile kifungwe.

Mimi moyoni nilikuwa upande wao. Jambo moja tu lilinikera. Vipande vyote viwili vilibanduka vikiwa safi, bila kuvunjika. Kitu kilichooza huwa hakitoki hivyo.

Ijumaa nikipanga madaftari yangu ya kidato cha nne, ndani ya lile la Biolojia nikakuta kikaratasi cha dawa yako. Nilikuwa nimekitumia kama alama ya ukurasa tangu Krismasi bila kukisoma. Maandishi yake ni madogo kama chawa. Kimeandikwa kwamba jino lisizibwe kabla ya wiki mbili kupita tangu dawa ipakwe mara ya mwisho. Nami, shangazi, jioni moja kabla ya kila miadi nilipaka mara mbili. Niliwaza kwamba kile kipande cha daktari hakitabadilika rangi kamwe, basi heri jino lenyewe liwe jeupe kabisa kwanza.

Unisamehe kwa jambo hili. Nilipokisoma nilikushuku wewe. Nilidhani ulikijua kile kikaratasi ukanificha. Baadaye nikakumbuka kwamba kilikuwa mikononi mwangu muda wote.

Hata hivyo kikaratasi nacho sikukiamini hivi hivi. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Ngala peke yangu. Benchi la kusubiri lilikuwa tupu. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Nikamwambia nina rafiki ambaye ametumia dawa ya kung'arisha, naye anataka kuziba jino.

"Rafiki yako ana jino kama lako?" akauliza.

"Karibu."

"Basi mwambie dawa ile huacha oksijeni ndani ya jino. Na penye oksijeni gundi yangu haigandi vizuri, hata nikiimulika mpaka kesho. Aiache wiki mbili, oksijeni itatoka yenyewe, na rangi nayo itulie nipate kuilinganisha. Kisha aje. Mwambie mimi sing'ati, natibu wanaong'ata."

Hakuniuliza zaidi. Alijua. Angeweza kumpigia mama simu na kujiokoa siku ile ile, lakini hakupiga. Nilitoka pale nimelowa jasho kama aliyepanda mnazi.

Jumamosi asubuhi, mama akikata nyanya, nikaiweka ile tyubu mezani pamoja na kikaratasi. Nilisema yote, na najua nilikuwa nikivunja ahadi yangu kwako. Sikuona njia ya kuitunza bila mtu mwingine kufungiwa mlango wake.

"Nani kakupa?"

Nikakutaja.

"Wifi yangu!" akasema. Alikata nyanya mbili nzima ndipo akasema, "Na mimi nimemwita mtu tapeli mbele ya kanisa."

Jumapili baada ya ibada akawasimamisha akina mama uani. "Yule daktari hana kosa," akasema. "Kosa lilikuwa la nyumbani kwangu."

"Kosa gani?" Mama Kanze akauliza.

"La nyumbani kwangu, nimesema. Mpeleke binti."

Jumatatu, badala ya kwenda kwa maofisa, tulikwenda kwa Ngala sisi wawili tu. Mama alimwomba radhi bila kuzunguka. Ili daktari aamini, akaomba na yeye azibwe jino. Ana tundu ubavuni mwa chonge la juu ambalo amelivumilia miaka. Wakapanga Jumatano ya tarehe 19, ambayo ni kesho.

Jino langu aliliziba mara ya tatu wiki iliyopita, wiki mbili zikiwa zimetimia na siku moja juu. Leo ni siku ya sita. Nimetafuna muhogo wa kuchoma na halijatikisika. Mabuyu sijayagusa.

Sasa shangazi, nakuomba unisaidie kufikiri. Ile tyubu mama aliichukua akaiweka kabatini nyuma ya unga. Mimi huminya katikati, kila mtu hapa nyumbani anajua. Juzi nikitafuta chumvi nimeikuta imekunjwa kutoka chini, vizuri, kama mama anavyokunja kila kitu. Tena siku hizi akishaoga hujifungia chumbani akasema anaomba. Mama yangu haombi kimya. Huyo husikika mpaka kwa Ndinda. Na maji ya Njoro yeye aliyanywa miaka mingi kuliko mimi.

Jana nilikibandika kile kikaratasi kando ya kioo, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya zile wiki mbili.

Leo asubuhi nimemsikia akimpigia Ngala simu. "Daktari, tuisogeze ile miadi. Wiki mbili hivi. Nina mafua."

Shangazi, hana mafua.

Baba anakusalimu na anauliza kama ulipata zile picha. Abigael anakusalimu sana, anasema yeye hataki dawa, anataka viatu. Mama pia anakusalimu, na kwa mara ya kwanza amekutaja kwa jina badala ya kusema "yule wa Muskat". Ukija tena leta tyubu mbili, ila kikaratasi nitakisoma mimi, kwa sauti.

Mungu aushike mguu wako na mikono yako huko uliko, akurudishe kwetu ukicheka.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Damaris