Mananasi ya Mwezi wa Kolwezi

Mwanangu Kapinga,

Unakaa huko Dilala, mule Kolwezi, mpaka mi naanza kusahau sauti yako, namna gani? Tangu batu ya Katanga batufukuze Kolwezi kwa sababu sisi ni batu ya Kasai, tukapanda treni, haujakuja hata siku moja kuona kama mama yako anakula ao analiwa. Batoto bako bazima? Bwana yako, kazi ya mugodi bado iko ao imekufa kabisa? Mi muzima, magoti tu njo inalalamika. Anayeniandikia ni katekista. Nimemukataza kutia sukari mu maneno yangu.

Sasa sikia. Mananasi imeiva.

Ile siku tulifika huku Kasai, shemeji yangu Kabeya, mudogo ya baba yako, alitupatia kilima cha mawe. Akasema, "Bila matunda, nakichukua tena, napanda mihogo. Batu ya Kolwezi hamujui jembe, munajua sireni ya kazi tu."

Na sisi tukamupa sababu ya kucheka. Huku mvua inaanza mwezi wa munane, batu bote banapanda. Mi na kaka yako Mukendi tukangojea mwezi wa kumi na moja, sawa kule kwetu. Machipukizi ya nanasi iko kivulini, batu banapita: "Mama, unangoja sireni ilie?" Tukapanda tumechelewa. Kabeya akichukua kilima, tungeenda wapi tena?

Kiangazi ikafika, mananasi ya majirani ikachanua. Yangu ilikuwa bado midogo, haikuchanua. Tukaendelea kung'oa magugu. Majirani bakavuna, bakauza, bakamaliza. Njo yangu ikaanza kuchanua, ikaiva wakati hakuna mutu mwingine mwenye nanasi.

Kapinga, kilima yote inanukia mpaka barabarani! Bamama bachuuzi banashuka treni banakuja moja kwa moja kwangu, banagombania mafungu. Muke wa Mukendi anakata tangu asubuhi, maji ya nanasi mpaka kwenye viwiko. Mi nakaa kitini, nabafokea bote.

Jana Kabeya alikuja. Akala moja, akala lingine. Akauliza polepole, anaangalia pembeni, "Shemeji, mwaka huu utapanda mwezi gani?"

"Mwezi wa Kolwezi," nikamujibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kilima ni yangu mpaka kufa, na kipande cha chini kando ya mto nichukue, kama niko na mikono ya kukilima.

Mikono niko nayo. Inakaa Dilala.

Najua kwa nini haukuji. Bwana yako ni mutu wa Katanga, anasikia haya kwa yale ndugu zake balitutendea. Umuambie mi nakumbuka nani alibeba mizigo yangu mpaka kituoni, benzake banamutukana njia yote. Huku, mwenye kutaka kumugusa ataanza na mi.

Unisalimie batoto, na mama mukwe wako aliyenitunzia vyungu, na jirani yetu mushona nguo, mwenye kusema sana kunipita.

Ni mi mama yako, mwenye kelele.

Mukikuja, mukuje bote, mbele ya mwezi wa kumi na moja. Uache nguo za kanisa. Ulete salopeti mbili za bwana yako, zile ovaroli nzito za kazi, moja yake, moja yako, kwa sababu majani ya nanasi inakwaruza, na kile kipande cha chini tutakianza siku ileile mutashuka treni.