Vumbi la Kokoto

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo umekuachia na sasa unalala vizuri. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la saruji kimenizoea kama jamaa. Mwambie wifi ile sweta aliyonifumia bado inanibana. Sijui alimpima nani.

Tangu niingie maabara hii, kazi yangu ni kuvunja. Watu wanaleta zege, naliweka kwenye mashine, naligandamiza hadi lipasuke, kisha naandika limebeba uzito gani. Wewe ulijenga miaka ishirini, mdogo wako anaajiriwa kubomoa. Cheka tu.

Wiki iliyopita vililetwa vipande vitano vilivyokatwa kutoka kwenye boriti ya zamani. Nilisoma karatasi iliyokuja navyo mara mbili. Ni ile boriti ya jengo la mwenye duka la vitambaa, iliyopasuka miezi miwili baada ya wewe kumwaga zege. Anataka kuongeza ghorofa, akaambiwa apime kwanza.

Unajua alivyosema wakati ule, kwamba uliiba saruji. Alisema mbele ya mafundi wenzako, na tangu siku hiyo hujashika mwiko. Miaka sita sasa unauza viatu vya mitumba, na ukipita penye jengo linalojengwa unageuza uso.

Kaka, saruji ilitosha. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja asiyesifu kitu, aliipima mwenyewe akasema aliyechanganya zege hili hakuwa na mkono wa wizi. Kokoto nazo zilikuwa ngumu. Lakini vipande vilipopasuka, zilichomoka nzimanzima, zikaacha vishimo laini kama ndani ya ganda la yai. Zege zuri halipasuki hivyo. Saruji hung'ang'ania jiwe mpaka jiwe lenyewe likatike. Mkuu alipitisha kidole juu ya kokoto moja, akanionyesha ungaunga. Alinieleza kwamba vumbi likibaki juu ya jiwe, saruji inashika vumbi, jiwe hailigusi. Jiwe zima, saruji nzima, ila pale vinapokutana hakuna kitu, na ufa unapita hapo hapo, jiwe hadi jiwe. Kisha akajiuliza kwa sauti ni nani aliyeosha kokoto zile.

Nilinyamaza. Mimi, unayeniita Kasuku.

Nilikuwa naziosha mimi, unakumbuka. Siku ile majibu ya kuingia chuo yalikuwa yametoka, nami nilitaka kuyaona kabla ofisi haijafungwa. Nililimwagia lundo maji juu juu tu, likang'aa, nikaondoka mbio. Uliponiuliza kama nimeziosha zote, nilisema zote. Boriti ilipopasuka uliniuliza tena, nikarudia vile vile. Hukuuliza mara ya tatu. Uliamini neno langu, ukaanza kuutilia shaka mkono wako mwenyewe, na chuo nilichokikimbilia ndicho kilichonivisha koti hili jeupe. Naona aibu, kaka. Nimeiona miaka yote sita, nikaongea kila kitu isipokuwa hiki.

Nimemwambia mkuu. Jana nilikwenda kwa mwenye jengo, nikamweleza mbele ya wauzaji wake wote, maana na wewe alikutukana mbele za watu. Alikunja na kukunjua kitambaa kile kile mara kadhaa, kisha akaomba anwani yako aje akuombe radhi. Sikumpa. Nilimwambia nitakuuliza kwanza.

Nami sikuombi unijibu upesi. Kama itakuchukua mwaka, nitasubiri. Nilichotaka ni ujue kwamba mkono wako haukukosea.

Ndani ya bahasha nimeweka kokoto moja ya boriti ile. Ipitishie kidole.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako, niliyesema zote,

Kasuku