Kiapo Nilichoisomea Simu

Serwaa, usinipigie. Niko chooni ikulu, wameniruhusu huku tu.

Nimetamka kiapo kikuu, kile kinachotaja misiba ya wafalme, mwiko kukisema ovyo. Kwa sauti. Ndani ya nyumba ya mfalme. Mimi, mtoto wa Kumasi, niliyefinywa mdomo na mama kila nilipokikaribia.

Ni zile kesi za zamani za baraza tunazoziweka mtandaoni. Wino umefifia, skana haisomi kitu, nikaona nizisome mwenyewe, simu iandike. Kesi ya shamba la kakao. Nikafika pale mlalamikaji anapoapa, nikapitiliza. Neno kwa neno, Serwaa.

Opanin Agyekum, msemaji wa mfalme, alikuwa anapita mlangoni. Akanishika mkono. Unajua anayekisikia hana hiari, lazima amkamate aliyeapa, na kesi inafunguliwa hapo hapo kwa mfalme.

"Binti, umeapa dhidi ya nani?"

Nikamwambia nilikuwa nasoma tu.

"Sijauliza ulikuwa unafanya nini. Dhidi ya nani?"

Ofisi nzima ikageuka. Nikasema, kwa heshima zote za mzee, "Dhidi ya simu, Nana."

Dhidi ya simu. Nimesema hivyo kweli. Kuna mtu alicheka mpaka akapaliwa. Mzee hakucheka.

Kondoo nitatoa, na pombe ya tambiko. Mama ameitwa aje anisimamie, na anakuja amevaa nyeusi kama anakwenda msibani.

Hayo nitayameza. Ila kesi yangu imeshaandikwa, na Opanin ameiweka mezani kwangu, juu ya zile nyingine, niiskani. Mlalamikaji ni mimi, jina kamili. Mlalamikiwa: simu.