Folda ya Waliolala

Kwako mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ni ndefu; ukizipokea umesimama magoti yatakulaumu. Hujambo? Shemeji na kile kifua chake wanaendeleaje? Wanangu nao, wakubwa kwa wadogo? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu.

Mwanao anafika kwako Jumamosi, kama mlivyopanga kwenye simu. Najua ameshakwambia kwamba habari za kutengeneza tovuti basi, na ile kazi ya ukarani uliyomtafutia ataichukua. Kabla hujamwonyesha meza yake, nisikilize mimi dada yako.

Yule mtoto si wa ukarani. Sisemi hivyo kwa kuwa nimemzaa. Au niseme kweli, nasema kwa kuwa nimemzaa, na nisipomsifu mwanangu mimi, atamsifu nani? Tovuti zake ungeziona! Ile ya mshona magauni ya harusi, ukiifungua tu, gauni linashuka taratibu kutoka juu, kama kitu cha ndotoni, halafu linatulia. Mimi niliyeishia darasa la sita nilikaa mbele yake asubuhi nzima, chai ikapoa, nikijiona bibi harusi tena, na marehemu baba yake ananisubiri upande wa pili wa kioo.

Tatizo lake lilikuwa moja. Watu humwandikia barua pepe wakiuliza: nataka tovuti ya duka, nataka ya kliniki ya mifugo, itachukua muda gani. Yeye hujibu vizuri, halafu wao kimya. Akanieleza kwamba ndivyo kazi hiyo ilivyo, anayeuliza si lazima awe mteja, sharti umfuatilie. Siku ya tatu unamkumbusha, ya saba tena, ya kumi na nne mara ya mwisho. Asipojibu, unamhamishia kwenye folda aliyoiita Waliolala, na humo mwanao haingii kabisa, anasema panamtia huzuni. Lakini yeye akishaanza kuchora hakumbuki hata kula, sembuse kukumbusha watu. Nikamwambia aniachie mimi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akanifundisha: bonyeza hapa, soma hapa, andika hapa.

Alikuwa ameniandalia na maneno ya kunakili, kwamba habari, tunafuatilia ujumbe wako wa tarehe fulani. Makavu kama kuni! Mtu hapelekewi maneno kama yale. Nikaanza na salamu. Nikamuuliza mshona magauni ameamkaje, mikono ina nguvu, kuna jambo gani limemzuia. Akajibu siku ileile kwamba mama yake alikuwa amelazwa, na katika mafundi wote aliowaandikia, ni sisi tu tuliomjulia hali. Daktari wa mifugo yeye aliandika neno moja tu, lini. Nikamjibu kwamba hata ng'ombe akirudi zizini hulia kidogo, basi na sisi tusalimiane kwanza. Mwanao alipoisoma alishika kichwa, akasema mama umenimaliza. Wiki haikwisha, daktari akaomba radhi na kuleta picha za kliniki yake nzima, mpaka ya paka wake. Nikatamba mtaa mzima. Jirani yangu muuza vitambaa akanibandika jina la Katibu Mkuu, nami sikumkataza.

Polepole, mdogo wangu, watu wale wakawa kama wageni wanaopita sebuleni kwangu. Asubuhi jua likiangukia kioo cha kompyuta sioni herufi tena, naona mikono yao. Ya huyu inanuka mbao, ya huyu ina chaki, na huyu anaandika huku amepakata mtoto. Hata wale wa folda ya Waliolala nilikuwa nikiwapitia mmoja mmoja, kimyakimya, kama unavyopita kati ya vitanda vya watoto ukiwafunika shuka.

Na humo ndimo nilimoficha kitu.

Mwezi uliopita iliingia barua kutoka kampuni moja ya ng'ambo. Mwanao aliwaandikia zamani kuomba kazi, akasubiri mpaka akachoka. Walisema wameliona lile gauni linavyoshuka, na sasa wanamtaka yeye mwenyewe, ahamie kwao, miaka mitatu. Wakaweka na picha ya ofisi: dirisha refu, meza nyeupe, kiti kitupu. Nilikitazama kile kiti mpaka nikamwona amekikalia, amenipa mgongo, namwita na hageuki. Mkono wangu ukaisogeza barua kwa Waliolala. Nikajiambia nitamweleza kesho. Wakakumbusha. Kumbe na wao wana utaratibu wa kufuatilia! Nayo nikailaza humohumo.

Yeye anachojua ni kwamba kampuni aliyoitamani haikumjibu. Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja nguo, akaniambia bila chozi hata moja kwamba huenda kazi zake zinapendeza machoni pa mama yake tu. Mimi, mwenye mdomo huu unaojaza mtaa, nilikunja shuka moja mara nne. Jioni ile ndipo alipokupigia wewe simu.

Juzi wameandika mara ya tatu. Nafasi wataishikilia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanampa mwingine. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Kila nikifungua kinywa najikuta nauliza kama amekunywa chai.

Kwa hiyo barua hii ataileta yeye mwenyewe, na bahasha sijaifunga. Namjua, tangu utotoni husoma hata karatasi za kufungia sabuni, na safari ni ya mwendo wa saa sita. Akifika amenuna na anakuomba kompyuta kabla ya salamu, usimuulize kitu, mpe na umfungie mlango. Akifika anacheka, basi hajasoma. Mkalishe, umsomee yote, siku hiyohiyo, wala usinionee haya. Na kama hatataka kusema nami, usimsihi. Aende amekasirika, lakini aende.

Na wewe mwanangu, kama macho yaliyofika hapa ni yako, barua zao zote tatu nimezichapisha, ziko nyuma ya karatasi hii. Zimebaki siku tisa.

Mnisalimie shemeji, mnibusie watoto, na majirani waambieni nawakumbuka kwa wema wao.

Ni mimi dada yako,
mama yake.