Ukiulizwa, Tafuna

Ma,

Wiki iliyopita nilivuka mpaka wa Mutukula kwa kupitia getini. Ungekuwepo ungeshika kichwa. Mwanao, mchana kweupe, na magunia matatu ya maharage mbele ya watu wa forodha!

Unaikumbuka njia yetu ya panya, ile ya vichakani? Kabla hatujaingia ulinipa akamwani, zile punje za kahawa tunazompa mgeni atafune, ukaniambia, "Mwanawange, ukiulizwa, tafuna." Nilikuwa na miaka minane. Askari walinikuta njiani peke yangu, wewe umelala nyasini na furushi lako la magendo, hatua chache tu. "Mama yako yuko wapi?" Nikatafuna. Wakauliza tena kwa ukali, nikatafuna mpaka machozi yakanitoka. Walipoondoka ulinikumbatia unatetemeka, halafu ukanisifu njia nzima mpaka Muleba. Sijasifiwa hivyo tena.

Siku hizi mambo ni mengine. Maofisa wa kwetu na wa Uganda wanakaa jengo moja, na mkulima mdogo akiwa na cheti kinachoonyesha mazao yametoka nchini mwake, hatozwi ushuru wa forodha. Rafiki yangu Mama Rehema, mwenye duka pale Miembeni, alinisumbua miezi. "Dada, utajificha vichakani mpaka uzeeke?" Akanisindikiza nikapata cheti.

Basi nikafika dirishani, karatasi mkononi na akamwani mdomoni. Sikumbuki hata niliitia saa ngapi. Ofisa akauliza kwa upole tu, "Mama, maharage haya ni ya nani?"

Nikatafuna.

Akarudia. Nikatafuna, macho chini, jasho linanitiririka. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, uso ukambadilika. Magunia yakawekwa pembeni yakaguliwe. Mavuno yote ya msimu, Ma! Cheti ninacho, kosa sina, nami nimekaa kwenye benchi kama mwizi, nawaza niyaache nikimbie.

Mama Rehema, niliyekuja naye, akanijia juu. "Tema hicho kitu uwajibu watu!" Nikatema kwenye pindo la kitenge. Nikarudi dirishani. "Ni yangu. Nimelima mwenyewe, Muleba." Ofisa akagonga muhuri. Kumbe alikuwa anasubiri maneno hayo tu.

Nilivuka. Lakini upande wa pili nilijikuta naharakisha, nageuka nyuma kuona nani ananifuata. Hakuna aliyenifuata. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila mimi hata nyoka mwenyewe hakuniuma, niliambiwa tu yupo. Naogopa sare, Ma. Naogopa muhuri. Naogopa mtu akiniuliza jina langu. Sikulaumu, maana hofu hiyo ndiyo iliyotulisha, lakini sasa nusura inipokonye kile nilichokipalilia kwa jembe langu.

Jumatatu narudi tena getini. Mama Rehema hatakuwepo. Leo asubuhi nimekuja migombani kwenye kaburi lako, nimekuachia akamwani yote iliyokuwa ndani. Usiniite nikiondoka, nitashindwa.

Wakikuuliza huko, tafuna wewe. Mimi nitajaribu kujibu.

Ni mimi,
kitindamimba wako