Moyo ya Pili Ndani ya Tumbo

Butembo, Bulengera

Mudogo wangu Kambale,

Mukubwa wako Mumbere anakusalimia. Niko muzima, vita haikunikula njiani. Ku bariere ya njia basoda baliniuliza: "Muzee, unaenda wapi?" Nikasema: "Kuonyesha munganga mioyo yangu mbili, ya kifua na hii inapiga ndani ya tumbo." Balicheka, baliniacha nipite.

Lakini huyu munganga, mwanamuke, haogopi muzee! Mazuti ya jenereta ilikosa sababu ya vita, mashini yake ya kuona ndani ya mutu ililala. Basi aliweka mikono ku tumbo yangu, akafunga macho, akapima na vidole kile kinachopiga. Vidole tu, Kambale!

"Papa, hii hapana moyo. Ni mushipa mukubwa ya damu, imevimba. Ikipasuka, unaweza kufa mbele ya kuita mutu."

"Nini inaikuza?"

"Tansiyo, ile presha ya damu, na ile kiko yako. Tumbako ndiyo chakula yake. Ingali ndogo. Ukiinyima, itakua polepole."

Hakuna mutu alinishindaka maneno, unajua. Yeye alinishinda. Kiko nilimupa mukononi.

Tena akauliza baba yetu alikufaje. Nikasema tumbo ilimukata gafula ndani ya mutumbwi.

"Uko na ndugu? Anavuta?"

Kambale, usibishe, ubishi ni kazi yangu. Panda lori ya samaki, kuja. Mungu akulinde, na bibi yako, na batoto bote. Mimi sirudi kwetu Kyavinyonge mupaka huyu mama ashike tumbo yako.

Mumbere